Dagaa wa vichanjani Kibirizi: bei kali, chekeche bure

Nianze na bei, maana ndiyo inayowapitisha watu pale bila kusimama. Mama huyu anayeanika dagaa juu ya vichanja, mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika, anauza kilo ya dagaa wakavu kwa kuwazidi wenzake shilingi elfu tatu, siku nyingine elfu nne. Hapunguzi. Ukimwambia, "Mama, nipunguzie basi, mimi si mteja wako?" anakujibu, "Mwanangu, nikikushinda chukua kwa jirani, kesho tutasalimiana tu." Na kweli, kesho mtasalimiana tu.

Mimi ni mchuuzi. Nakaa Mwanga, hapa mjini, nanunua dagaa mwaloni, nafunga kwenye maboksi, napakia basi kwa wateja wa Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Kwa hiyo mjue mapema kwamba ninayeandika hapa nina maslahi yangu: kila mtu wa Dar atakayejua kuchagua dagaa mwenyewe ni mteja aliyenipungua. Naandika hata hivyo kwa sababu mawifi na mashoga zangu wamezidi kuniuliza mbona wangu ghali kuliko wa yule anayetangaza mtandaoni, na kurekodi sauti ya dakika tano kumjibu kila mmoja nimechoka.

Kumpata si kazi. Ukishuka Kibirizi, pita boti za abiria wa vijiji vya kaskazini, pale ambapo wageni wa hifadhi ya Gombe hukaa na mabegi yao makubwa wakisubiri safari, endelea ufukweni hadi uone nyavu zimetandazwa juu ya miti, kimo cha kiuno. Hivyo ndivyo vichanja vyake. Pembeni kuna kibanda cha bati, ndani meza, mizani ya saa, ndoo kadhaa, na chekeche la waya lenye fremu ya mbao ambalo limeshikwa hadi mbao inang'aa.

Chekeche hilo ndilo lililoniweka pale.

Wauzaji wengi mwaloni wanakuchotea juu ya gunia. Juu ya gunia pana dagaa wazuri siku zote, sijawahi kuona gunia lenye dagaa wabaya juu. Mama huyu anamwaga. Gunia zima anawamwaga juu ya turubai mbele yako, anawageuza kwa mikono, anakuacha uwaangalie. Ukishakubali, anawapitisha kwenye chekeche, na kinachodondoka chini hakipandi mizani. Kisha anachukua dagaa mmoja, anamvunja karibu na sikio lako. Mkavu analia tak! Akijikunja bila kulia, anawarudisha vichanjani wote na kukwambia uje jioni. Nimewahi kurudishwa hivyo basi langu likiwa linaondoka alfajiri, nikakasirika, nikaenda kununua kwingine. Kero hiyo naieleza mbele.

Kwa asiyejua, tofauti ya kichanja na mchanga iko hivi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na asubuhi huanikwa. Anayeanika chini hana gharama: ufukwe ni wa Mungu. Anayeanika kwenye kichanja amenunua nyavu, miti na misumari, na nafasi ikijaa, imejaa. Lakini hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka haraka, na kuku na mbwa hawawakanyagi. Wale wa chini wanajigeuza na mchanga. Mchanga mwingine unatoka kwa kupepeta, mwingine unaingia kwenye mashavu na tumboni ukashikwa na mafuta, na huo utakutana nao kwenye meno, mbele ya wageni wako, ukiwa umeshaweka nyanya, vitunguu na pilipili mbuzi.

Sasa kwenye gunia, kwa macho ya mtu wa haraka, wote wawili wanafanana. Aliyeanika anajua. Anayenunua hajui. Shida yote ya biashara hii iko hapo, na haijaanza na dagaa.

Mpwa wangu anayesoma uchumi chuoni alikuja likizo, nikamtuma mwaloni anisaidie kubeba. Akaangalia lile chekeche, akaanza kunihubiria habari za Mmarekani George Akerlof. Huyu bwana mwaka 1970 alitoa makala kuhusu magari yaliyotumika. Hoja yake, kama nilivyoielewa huku nimebeba gunia kichwani: mwenye gari analijua gari lake, mnunuzi halijui, basi mnunuzi kwa kujihami anatoa bei ya kati. Bei ya kati inampendeza mwenye gari bovu na kumkera mwenye gari zima, naye analiondoa sokoni. Yaliyobaki wastani wake umeshuka, wanunuzi wakishtuka wanashusha bei tena, na wazuri waliobaki nao wanaondoka. Majarida matatu yalimkatalia makala hiyo kabla ya la nne kuikubali, na katika hayo yako yaliyosema ni jambo jepesi mno. Mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Wahariri wa majarida yale wangeletwa Kibirizi msimu mmoja tu. Nimewaona hapa kina mama waliojenga vichanja kwa mkopo wa kikundi, wakaanika vizuri, wakapeleka sokoni, wakakuta mnunuzi wa jumla anatoa bei ileile ya wa mchangani, maana yeye anachanganya wote kwenye gunia moja. Miti ya vichanja ikaanza kuoza, nyavu zikachukuliwa kufunikia bustani za mchicha, na wenyewe wakarudi chini. Hawakuwa wavivu. Usafi wao ulikuwa hauonekani, na kisichoonekana hakilipwi.

Mama wetu alibaki kwa sababu ya lile chekeche. Mpwa wangu alisema Spence naye ana maneno yake hapo: alama ya kuaminika ni ile ambayo mwenye mali mbaya akiiga inamtia hasara. Kupepeta mbele ya mteja kwa mwenye dagaa wa kichanjani hakupunguzi kitu zaidi ya vichwa viwili vitatu vilivyovunjika. Mwenye dagaa wa mchangani akipepeta mbele yako, gunia linanywea ukiliona. Ndiyo maana majirani hawajamuiga, ingawa chekeche lenyewe fundi analitengeneza kwa siku moja. Maneno matamu kila mtu anayo. "Dada, hawa hawana mchanga kabisa, naapa" ni sentensi unayoisikia kutoka mwanzo wa mwalo hadi mwisho.

Hapo kwenye vipimo nataka nikae kidogo, maana watu wa mbali wanadhani mizani ikishakuwepo basi haki imetendeka. Dagaa mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Anayeuza kwa kilo hana haraka ya kukausha: kila tone lililobaki analiuza kwa bei ya dagaa. Mchanga nao una uzito, tena mzuri. Chumvi pia. Kwa hiyo kilo inamlipa anayeacha maji, mchanga na chumvi. Ukisema basi tupime kwa sado au kopo, unakutana na ufundi mwingine. Dagaa wakavu waliojipinda ukiwamwaga kwa juu wanasimama wenyewe kwa wenyewe, wanaacha uwazi katikati, kopo linajaa hewa. Muuzaji anayejua kumwaga na muuzaji anayeshindilia wanatoa makopo mawili tofauti kabisa kutoka gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaweza kuhakiki jiwe la mizani, na wanafanya hivyo. Kilichowekwa juu ya mizani si kazi yao.

Namna ya mama huyu ni kupima kwa kilo baada ya chekeche na baada ya kuvunja. Mpangilio huo ndio muhimu. Akipima kwanza ndipo apepete, chekeche linakuwa mapambo.

Halafu kuna umri. Hapa Kigoma kila mtoto anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, mitumbwi mingi inapumzika, watu wanashona nyavu. Uvuvi mkubwa ni siku za giza. Kwa hiyo mtu akikuuzia "dagaa wa jana" siku ambayo mwezi ni mpevu, anakutania. Hata Dar unaweza kulijua hili bila kuuliza mtu: kalenda ya Kiislamu inatosha. Waliofunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, wanajua mwezi uko wapi. Mama wa vichanja anaweka mafungu yake kwa giza: "hawa wa giza hili," "hawa wa giza lililopita," na bei zinatofautiana. Fungu la tatu liko kwenye ndoo chini ya meza, wekundu, wamevunjika, mafuta yameanza kuchacha. Hao anaita wa kuku, na ni wafugaji wa kuku tu anaowauzia. Kwingine nimewaona wa rangi hiyohiyo wakichanganywa kwa uwiano mzuri na weupe, wakaitwa "mchanganyiko."

Uaminifu wake niliupima vizuri mwaka 2024. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mwezi Julai, dagaa mpya halali hakuna. Kila mtu hapa anajua. Kule Dar bado mtu anaona tangazo: "Dagaa wa Kigoma, wapya, wameingia leo." Wameingia leo kweli, lakini wameingia Dar, majini walitoka lini hasemi. Wateja wangu wakanitumia picha za matangazo hayo wakiniuliza kwa nini mimi nasema sina. Nilikwenda kwa mama nikitumaini ananificha kitu. Akanifungulia magunia mawili: "Hawa ni wa kabla ya kufungwa. Wakavu, hawajaoza, ila si wapya. Waambie hivyo." Bei aliyonipa ilikuwa ya dagaa wa zamani, wakati ule ambapo angeweza kuomba atakacho na angepewa. Nikawaambia wateja hivyohivyo. Wengine walikimbilia wale wa "leo." Wengine wamebaki nami hadi sasa.

Na jina lenyewe. "Dagaa wa Kigoma" mjini ni maneno yenye pesa, kwa hiyo kuna dagaa wanaopewa utoto wa Kigoma bila kuliona ziwa letu. Dagaa wa Ziwa Victoria si ndugu wa hawa hata kidogo. Wetu ni wa jamii ya sadini, wale ni wa ukoo mmoja na ningu. Simdharau dagaa wa Mwanza. Akikaangwa akakauka, na ugali wa muhogo, namla nikiomba kuongezewa. Ninalokataa ni kumlipia nauli ya Kigoma. Ukiwaweka pamoja kwenye sahani, wetu akiwa amekomaa ni mkubwa zaidi na ana weupe wa fedha. Shida ni kwamba mjini hakuna anayekuwekea wote wawili kwenye sahani.

Mtu ataniambia siku hizi kuna simu. Ni kweli, na simu imesaidia, hilo silipingi. Mpwa wangu yuleyule alinieleza habari za wavuvi wa sadini wa jimbo la Kerala, India. Kabla ya simu, boti zilikuwa zinatua kwenye soko la karibu, samaki wakizidi wanamwagwa, na kilomita chache mbele wanunuzi wamesimama mikono mitupu. Minara ikaanza kujengwa pwani ile kuanzia 1997, wavuvi wakawa wanapiga simu wakiwa bado majini. Robert Jensen, mchumi aliyefuatilia jambo hilo na kulichapisha mwaka 2007, alikuta umwagaji umekwisha, faida ya wavuvi imepanda asilimia 8, na bei kwa mlaji imeshuka asilimia 4. Wote wamepata. Hata hapa kwetu, mama anayeanika anajua kabla ya saa tatu asubuhi Dar wananunua kwa ngapi, na yule tajiri wa kuja na lori hawezi tena kumwambia kwamba soko limekufa. Maana tusisahau, si kila mara muuzaji ndiye mwenye siri. Zamani mnunuzi wa jumla ndiye aliyejua bei ya mjini, na mwanamke wa mwaloni ndiye aliyekuwa gizani, kama mkulima wa viazi anavyofungishwa lumbesa.

Ila simu inasema bei. Mchanga haisemi. Picha ya WhatsApp ni ileile ya juu ya gunia, tena jua likiwa zuri dagaa wote wanang'aa. Nimeshatumiwa picha na muuzaji mmoja wa huku huku mkoani, nikalipa, nikapokea gunia ambalo nilipolipepeta nyumbani lilijaza mabakuli ya mchanga. Nilipompigia akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada, dagaa hutoka ziwani, na ziwa lina mchanga." Sijapata jibu la kumpa hadi leo, ila pesa zangu najua ziko wapi.

Tathmini sasa. Ubora wa dagaa: kwa ninaowajua mimi mwaloni, hakuna aliyemzidi, hasa kati ya Juni na Septemba jua likiwa kali. Masika hata yeye anahangaika, vichanja anavifunika kwa nailoni, na dagaa wa msimu huo wanakuwa na unjano fulani. Anakwambia. Nanunua kidogo.

Bei: ghali ukiangalia kibao, si ghali ukitoa mchanga. Kilo ya bei rahisi niliyowahi kuipepeta ilitoa mchanga wa kujaza kikombe cha chai na vumbi juu yake. Ukigawa bei kwa dagaa watakaofika mdomoni, zile elfu tatu zinajirudisha, na kwa mgeni anayekula kwako mara ya kwanza zimejirudisha kabla ya kunawa mikono.

Kero zake ninazo. Ya kwanza ni ile ya kurudishwa jioni. Mtu mwenye safari hawezi kupangiwa na unyevu wa dagaa, na hana akiba ya kutosha ya wakavu wa kumwokoa mteja wa haraka. Ya pili, risiti hakuna. Anaandika kwenye daftari lake la kuhesabia, ukurasa mmoja una majina ya watu wa miaka miwili. Nikitaka kumwonyesha mteja wangu nilinunua kwa ngapi na lini, sina karatasi. Hapo ndipo uaminifu wake unapoishia mwaloni: mimi namwamini kwa sababu nimesimama pale, mteja wangu wa Morogoro inabidi aniamini mimi. Ya tatu, mifuko. Anafungia kwenye viroba vilivyokuwa na unga au mbolea, eti amevifua. Nendeni na mifuko yenu. Ya nne ni mdomo. Ukivunja dagaa wake zaidi ya watatu kwa kujaribu, utasikia.

Jambo jingine analolifanya, na sijaliona kwa mwingine: ukirudi na dagaa waliopata ukungu ndani ya wiki moja, anawapokea, anabadilisha, anawatupa kwenye ndoo ya kuku. Ameniambia mwenyewe kwamba wanaorudi ni wachache mno, na hiyo si bahati. Mtu anayejua alichouza haogopi kurudishiwa.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa risiti na viroba, na siyo siri, nimeshamwambia. Akacheka, akasema karatasi haina ladha.

Anafungua jua likishachomoza vizuri, Ijumaa anafunga kabla ya adhuhuri, malipo anapokea taslimu na kwa simu. Siku za mbalamwezi msiende mkitarajia wapya, atawaonyesha wa giza lililopita na bei yake. Namba yake nilimwomba niiweke hapa chini, akakataa katakata: asiyewaona dagaa wake hamuuzii, kwa sababu asipowamwaga mbele ya mtu, yeye na wale wa jirani ni walewale. Kwa hiyo ninyi wa Dar mtaendelea kunipigia mimi, na zile elfu tatu zake mtazikuta kwenye bei yangu.